Kabla ya kuziba mtaro, ulizeni mtaro ni wa nani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni ofisa sheria katika shirika dogo hapa Ilala. Tumeombwa maoni kuhusu rasimu ya mradi wa kurejesha ardhi oevu, na kwenye semina ya kutuandaa mtoa mada alitumia mfano wa ardhi za mboji za Indonesia. Alisema kitaalamu kazi ni nyepesi: ziba mitaro, maji yapande, ardhi ipone. Kama ni nyepesi, kwa nini wamehangaika miaka yote hiyo na moto bado unarudi? Rasimu yenyewe inapendekeza kuunda kitengo maalumu cha urejeshaji kitakachoratibu wadau wote. Je, hilo ndilo jibu? Nimekulia Kigogo na nyumba yetu iliwahi kuchorwa X ya kubomolewa, kwa hiyo nikisikia habari za kurejesha mabonde nataka kuelewa vizuri kabla sijasaini chochote. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtoa mada wenu hakukosea kuhusu maji. Ukiziba mtaro kwenye ardhi ya mboji maji yanapanda, na yakishapanda uozo unapungua. Aliowaruka ni watu walioko kwenye huo mtaro: aliyeuchimba, mwenye leseni ya shamba linaloutegemea, anayepitisha mtumbwi wake humo, na ofisi iliyogonga muhuri. Wote hao walikuwepo kabla ya mtaalamu kufika, na akishaondoka watabaki.

Mboji ninayoisema hapa si ile ya kuchanganya na udongo wa maua. Ni majani, mizizi na magogo yaliyolala majini pasipo hewa, yakashindwa kuoza, yakarundikana kwa kasi ya kama milimita moja kwa mwaka. Mita tano za mboji ni kazi ya miaka elfu kadhaa. Ukichimba mtaro, maji yanashuka, hewa inaingia, na kile kilichotunzwa muda wote huo kinaanza kuoza na kutoa hewa ukaa. Ardhi yenyewe inadidimia. Kiangazi kikiwa kikali inashika moto unaotambaa chini kwa chini, ambao ndoo na matawi haviuzimi, unasubiri mvua. Ardhi za namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini kaboni iliyomo inazidi iliyo kwenye miti ya misitu yote ikijumlishwa. Kwa tathmini ya mwaka 2022 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, takriban asilimia 12 ya ardhi za mboji zimekaushwa au kuharibiwa, na hizo peke yake zinatoa kama asilimia 4 ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu.

Sasa zingatia jambo hili, maana ndilo linalozaa siasa yote. Mboji iliyolala kati ya mito miwili ni chombo kimoja cha maji. Huwezi kupandisha maji kwenye kipande chako na kumwachia jirani mitaro yake wazi; mitaro yake itayavuta maji yako. Lakini kwenye karatasi chombo hicho kimoja kimekatwa vipande. Hapa msitu wa serikali, pale leseni ya michikichi, kule kijiji chenye haki za kimila, na ng'ambo ni wilaya nyingine kabisa yenye mipango yake. Kurejesha maana yake ni kumwambia kila mmoja wao akubali maji yapande kwake pia. Anayepata hasara ni yule aliye pale pale, leo. Anayepata nafuu ni mtu wa mbali, wa baadaye, au wa nchi nyingine.

Indonesia walijaribu jambo hili kwa ukubwa kuliko nchi yoyote ya tropiki. Lakini kabla ya kurejesha walikausha. Mwaka 1995 Rais Suharto aliagiza hekta milioni moja za ardhi oevu, nyingi zikiwa za mboji, huko Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga ili nchi ijitosheleze. Ilichimbwa mitaro ya zaidi ya kilomita 4,000. Mpunga haukustawi, magogo yalivunwa, na mwaka 1997, mwaka wa El Niño, ardhi iliyokaushwa iliwaka kwa miezi. Suharto alipoanguka mradi ukasimamishwa. Mitaro ikabaki wazi, na kila kiangazi inaendelea kunyonya.

Moto wa 2015 ndio uliowashtua. Ziliungua hekta milioni 2.6 nchini kote, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Januari 2016 Rais Joko Widodo akaunda Wakala wa Kurejesha Mboji, BRG, unaowajibika kwake moja kwa moja, wenye lengo la kurejesha takriban hekta milioni mbili katika majimbo saba ifikapo 2020. Hicho ndicho kitengo maalumu mnachopendekezewa, tena kikiwa na nguvu kuliko chochote mtakachopewa ninyi. Kilikuwa na jina la rais, fedha, wataalamu na ramani.

Hakikupewa amri juu ya maeneo yenye leseni. Zaidi ya nusu ya eneo lililolengwa lilikuwa mikononi mwa makampuni ya michikichi na ya miti ya karatasi, na humo kurejesha kulikuwa ni wajibu wa kampuni yenyewe, chini ya usimamizi wa Wizara ya Mazingira na Misitu. Wakala ulibaki kushauri na kuelekeza. Kwenye ardhi ya serikali na ya vijiji ulijenga maelfu ya vizuizi na kufanya kazi ya kuheshimika. Ukifika kwenye uzio wa kampuni, unabisha hodi kama mgeni.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho ningependa ukione kwa macho yako siku moja. Ni bomba la plastiki lenye matundu pembeni, limechomekwa wima kwenye mboji. Mtu anakuja na tepu, anaishusha ndani, anasoma maji yako chini kiasi gani. Kanuni ya serikali ya 2016 inasema maji yasishuke chini ya sentimita 40 kutoka juu ya ardhi. Yakishuka zaidi, eneo hilo linahesabiwa kuwa limeharibiwa. Sheria nzima ya mboji ya nchi kubwa kama ile inaishia kwenye namba inayosomwa ndani ya bomba hilo. Ndani ya eneo la leseni, anayeisoma na kuipeleka wizarani ni kampuni yenyewe. Wizara inaweza kuja kukagua, bila shaka, lakini maeneo ni mapana na wakaguzi ni wachache. Mimi nikipewa rasimu yoyote ya kurejesha ardhi oevu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani atakayesoma bomba, nani anaruhusiwa kuiona namba, na siku namba ikiwa mbaya nani analazimika kufanya nini.

Wizara ilijaribu kubana. Mwaka 2017 ilitoa kanuni ya kuzitaka kampuni za miti ya karatasi ziachie mashamba yaliyo kwenye mboji ya kulindwa. Chama cha wafanyakazi cha jimbo la Riau kilikwenda mahakamani kikisema ajira zitapotea, na Mahakama ya Juu ikavifuta vifungu vikuu vya kanuni ile. Usilipite jambo hili haraka. Ni rahisi kusema makampuni yaliwatanguliza wafanyakazi mbele, na inawezekana yalifurahi. Lakini hofu ya mtu anayetegemea mshahara wa shamba lile ni ya kweli, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha mezani kazi nyingine. Palipoachwa pengo hilo, kesi ilikuwa inajiandika yenyewe.

Wewe ni mwanasheria, kwa hiyo nikupe na upande wa hukumu. Mwaka 2014 mahakama ya Meulaboh, Aceh, iliiamuru kampuni ya PT Kallista Alam kulipa rupia bilioni 366 kwa kuchoma msitu wa mboji wa Tripa, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kurejesha eneo lenyewe. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaibariki hukumu. Miaka ikapita wizara ikiwa bado inahangaika kuikazia. Hukumu walishinda, msitu haukupata senti kwa wakati wake.

Kwa wanakijiji wa Kalimantan ya Kati, hali ni nyingine. Ule mtaro uliochimbwa na serikali miaka ya tisini umekuwa barabara. Humo ndimo mtu anapitisha utomvu wake wa mpira, samaki wake, mbao, na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kizuizi cha kawaida ni safu mbili za nguzo zilizokitwa kwenye mboji, katikati mifuko iliyojazwa udongo. Usipoacha mlango wa mtumbwi kupita, nguzo zitang'olewa, na anayezing'oa anajiona anafungua njia ya nyumbani kwake. Australia na Indonesia walitangaza mradi wa pamoja mwaka 2007 wa kurudisha maji kwenye hekta 200,000 za eneo hilo na kupanda miti milioni 100. Mazungumzo kuhusu haki za vijiji na kuhusu nani hasa mwenye kauli juu ya mitaro mikubwa yalivuta miaka, malengo yakapunguzwa, na kufikia 2014 mradi ulikuwa umefungwa huku mitaro mikubwa ikiwa wazi vile vile.

Halafu mwaka 2020, wakati Wakala wa Kurejesha Mboji ukiwa kazini, serikali ile ile ikatangaza mpango mpya wa mashamba makubwa ya chakula, na sehemu yake ikiwa humo humo kwenye eneo la mradi ulioshindwa wa 1995. Wizara moja inaziba, nyingine inafungua. Kwa hiyo ulipouliza kwa nini moto unarudi, jibu langu ni kwamba aliyepewa kazi ya kurejesha hakupewa mamlaka juu ya maji, na aliyekuwa nayo mamlaka hakupewa kazi ya kurejesha.

Nisikuache na Indonesia peke yake. Jirani zetu Rwanda walirejesha bonde la mboji la Rugezi, kaskazini, linalolisha maziwa ya Burera na Ruhondo. Lilikuwa limekaushwa kwa kilimo. Mwaka 2003 na 2004 kina cha Burera kikashuka, kituo cha umeme wa maji cha Ntaruka kikazidiwa, Kigali ikaingia gizani na serikali ikakodi majenereta ya dizeli. Hapo uamuzi ulikuja haraka: kilimo na malisho vikapigwa marufuku bondeni, mitaro ikazibwa, milimani yakajengwa matuta na kupandwa miti. Mwaka 2005 bonde likaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Maji yakarudi, umeme ukarudi, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa.

Ni mafanikio ya kweli na ninayaheshimu. Lakini tazama yalivyowezekana. Waliokaa gizani walikuwa karibu na wenye uamuzi, na waliotakiwa kuondoka bondeni hawakuwa na sauti kubwa. Wakulima waliokuwa wakipata viazi na majani ya ng'ombe humo wakati wa kiangazi walibeba mzigo wa umeme wa watu wengine. Na nchi hiyo hiyo, sehemu nyingine, imejenga mitambo ya kuchoma mboji kupata umeme, Gishoma na Gisagara. Haikuwa imeipenda mboji pale na kuichukia hapa. Katika maeneo yote mawili iliutafuta umeme.

Sisi wa Dar es Salaam tusijifanye wageni wa jambo hili. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka nyakati za kiangazi mwaka 1993. Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu inayoulisha, haina mboji ya kulinganisha na Kalimantan, ila siasa yake ni ndugu kabisa. Mwaka 2006, mwaka wa mgao mkali wa umeme ambao wazazi wako wanaukumbuka, Makamu wa Rais wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, alitangaza mkakati wa dharura wa kulinda vyanzo vya maji. Wafugaji wakaondolewa Ihefu na mifugo yao, wengi wakaelekea Pwani na Lindi, na mwaka 2008 eneo likaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti waliokuwa wakipima maji bondeni walishaonyesha kwamba mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yanachukua maji mengi ya kiangazi, na kwamba namna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa nayo ilichangia upungufu. Lakini mwenye shamba ana kibali cha maji, na mfugaji hana. Aliyeondolewa akawa yule ambaye ni rahisi kumwondoa. Mto haukuacha kukauka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huku mjini tuliubeba mzigo wa watu wa Usangu kwa wepesi huo.

Hapo naingia kwenye ile X ya ukutani kwenu. Bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 katika Bonde la Msimbazi ilisimama juu ya Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kifungu ni cha maana. Bonde linafurika na watu wanakufa. Ila kilitumiwa kana kwamba kinafuta historia yote ya mtu kuwepo pale: leseni za makazi zilizotolewa, kodi za majengo zilizopokelewa, mita za umeme zilizofungwa. Mradi wa sasa wa Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo na Benki ya Dunia mwaka 2022, umekuja na malipo kwa wanaohamishwa ndani ya bajeti yake. Unaweza kubishania kiasi, na watu wamebishana, lakini kuwa na la kubishania tayari ni hatua.

Ulaya hawako mbali na sisi kama inavyodhaniwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya Kurejesha Mazingira Asilia ilipita Juni 2024 kwa kura ya waziri wa mazingira wa Austria, Leonore Gewessler, aliyepiga ndiyo kinyume na matakwa ya kansela wake. Ilipita kwa sharti kwamba kurudisha maji kwenye mashamba ya mboji ni hiari ya mkulima. Ireland mambo yalikwenda kasi zaidi, na sababu unaweza kuikisia: kampuni ya umma ya Bord na Móna iliyokuwa ikichimba mboji ndiyo hiyo hiyo inayomiliki ardhi. Ilipotangaza kuacha uchimbaji Januari 2021, wafanyakazi waliojua mitaro yote walipewa kazi ya kuiziba. Kule Kongo mboji bado ni nzima, zaidi ya kilomita za mraba 160,000 kwenye bonde la Cuvette Centrale, na mjadala ni wa kuzuia isiguswe. Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta mwaka 2022, vingine vikiwa juu ya mboji hiyo, ikaufuta mnada Oktoba 2024.

Sasa rasimu yenu. Kitengo maalumu sikikatai. Nakataa kitengo kinachoratibu bila kuwa na uwezo wa kumwambia mtu yeyote aache. Hapa kwetu kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Ardhi ya kijiji iko chini ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hifadhi ina mwenyewe, wilaya ina mpango wake wa kilimo, wizara ina skimu zake za umwagiliaji. Kitengo kipya kikipandwa juu ya hao wote pasipo kugusa saini ya hata mmoja, kitaandaa semina nzuri na ripoti nzuri. Mimi ningeandika kwamba kazi ya kurejesha iwekwe ndani ya bodi ya bonde yenyewe, yenye kibali mkononi, na kwamba vibali vilivyopo vipitiwe upya kwa ratiba inayotajwa kwenye rasimu, vikubwa vikianza. Vikubwa vikianza, nasisitiza. Mradi ukianza kwa kuondoa bustani za mchicha na kuiacha pampu ya shamba la hekta mia tano, watu wataona mara moja unamlenga nani.

Kuhusu fidia, msingi upo tayari kwenye sheria zetu za ardhi za 1999: iwe kamili, ya haki na ya haraka. Lakini anayeomba maji yapande kwa mwenzake asilipe kwa mkupuo mmoja akadhani amemaliza. Shamba lililojaa maji halizai mwaka huu, na mwakani vile vile. Na kizuizi nacho kinaoza, kinazolewa na mafuriko, kinahitaji mtu wa kukikagua kila baada ya masika. Tafuta kwenye bajeti fungu la mwaka wa sita na wa saba, mfadhili akishaondoka. Kama halipo, liandike kwenye maoni kwa maneno makali kadiri utakavyoruhusiwa.

Wakikwambia kaboni italipa, yaani fedha za wanaolipia kaboni ibaki ardhini, waulize ni kwa saini ya nani. Tuna Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimepata fedha halisi kwa kulinda misitu. Vilifika hapo vikiwa na mipaka inayojulikana na mipango ya matumizi ya ardhi. Mikataba ya kaboni hufunga ardhi kwa miongo. Mtoto anayezaliwa leo kijijini ataukuta mkataba bado unaishi. Usikubali uwekwe kabla mkutano mkuu haujausikia kwa Kiswahili, ukiwa na muda wa kurudi nyumbani na kuulizana.

Kabla ya kikao chenu, andika barua Bodi ya Maji ya Bonde kuomba orodha ya vibali vyote vilivyo hai kwenye eneo la mradi, kila kimoja na kiasi chake cha maji na tarehe ya kwisha. Ikiletwa, ilinganishe na orodha ya kaya zinazotakiwa kuhama. Nitumie zote mbili, nitakusaidia kuzisoma.